Shamba la mkonge alikofanya kazi babu, na nilivyofukuzwa mara ya kwanza

Shangazi yangu alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, mwaka 1952. Jambo hilo nililijua tangu utotoni kama ninavyojua kuwa bahari iko Raskazone: huiendei kila siku, lakini ipo. Nyumbani kwetu Makorora, mjini Tanga, babu alitajwa kwa mambo matatu tu. Alitoka Kasulu, alikuwa na jicho moja, na hakuwahi kurudi kwao. Ukichimba zaidi unaambiwa chai inapoa.

Baada ya arobaini ya baba tulifungua sanduku lake kugawana vilivyomo. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nilikuta kadi ngumu ya rangi ya udongo, imekunjwa, pembe zimeliwa na mende. Ina vyumba thelathini vidogo vilivyochorwa kwa mistari. Kumi na tisa vimetiwa alama kwa penseli. Kumi na moja vitupu. Kilikuwa kipande cha babu. Siku moja ya kazi, alama moja, na mshahara unatoka zikitimia thelathini, hata kama hizo thelathini zimekuchukua mwezi na nusu kwa sababu ya homa, au kwa sababu nyapara kasema kazi yako leo haikutimia. Wakati ule hayo sikuyajua. Niliona kitu cha kale kizuri, nikakipiga picha, nikaituma kwenye grupu la ukoo, watu wakaweka mioyo.

Hapo ndipo nilipopata wazo la kwenda kuliona shamba. Nilisikia kwamba wenye shamba wamelitunza jumba la meneja la enzi za ukoloni, na mashine kuukuu wameiacha chini ya mwembe watu waione. Nikaanza kujiandaa, na nilijiandaa kama mtu wa kufanya mtihani. Nilizunguka makumbusho ya Urithi pale kwenye boma la zamani mjini, nikasoma kila nilichokipata. Nilijifunza kwamba mkonge si mmea wa kwetu, asili yake Meksiko, na aliyeuleta ni Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, mwaka 1893. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hesabu hiyo ya 62 ilinilewesha. Kila niliyekaa naye barazani nilimsimulia. Leo nikikumbuka najicheka, maana nilijua miche mingapi ilifika na sikujua babu alifika na nani.

Nilikwenda Jumapili, kwa kuwa siku nyingine nina kazi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nilivaa sketi na ndala za ngozi, la pili. La tatu na kubwa, nilikwenda bila taarifa. Nilidhani shamba ni kama ufukwe, unafika tu.

Pale stendi ya Muheza nikachukua bodaboda. Kijana alikuwa anatoka shambani kwake, jembe limefungwa nyuma ya kiti, na mimi sikuona tatizo. Tukafika getini: mama wa makamo mwenye ramani ya zamani aliyoichapa steshenari, simu mkononi dira imewashwa, daftari, na jembe. Mlinzi alinitazama, akatazama jembe, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hata nyie mmekuja kuchimba?"

Aliyekulia Tanga ameshaelewa. Kwetu kila jengo kuukuu linasemwa lina mali ya Mjerumani chini yake: rupia, dhahabu, zebaki nyekundu, kila mtu na hadithi yake. Walinzi wa mashamba haya wamechoka na watu wanaokuja usiku na sururu. Nilijaribu kumweleza habari za babu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Alinirudisha, na kwa haki.

Badala ya kurudi nyumbani nikaongeza ujinga. Nje ya geti palikuwa na kijana aliyejiita mwongozaji. Elfu thelathini, anasema, nitakuzungusha kwa nyuma uone handaki. Nikalipa. Handaki lenyewe lilikuwa kalvati ya barabara iliyoziba. Njiani nilikanyaga chipukizi la mkonge, mwiba wake wa ncha ukapita ukanda wa ndala ukaingia pembeni ya kidole. Na majani niliyoyagusa miguuni yalikuwa yamekatwa, yanatoa maji. Hayo maji yanawasha mithili ya upupu. Nilirudi Tanga nachechemea na kujikuna, mfukoni zimetoka elfu sabini na kidogo ukijumlisha nauli na duka la dawa, na sijaona hata kigae cha hilo jumba.

Jirani yangu mmoja mzee, aliyewahi kuwa karani kwenye mashamba, alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia la kufanya, nami nalisema hapa kama lilivyo. Andika barua kwa meneja, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Taja jina la ndugu yako na miaka aliyofanya kazi. Sema mtakuwa wangapi na mnataka kuona nini. Omba siku ya kazi, asubuhi, kwa sababu Jumapili korona imelala na shamba bila korona ni vichaka tu. Nikaandika, na mwisho nikaongeza sentensi ambayo sikutegemea kuiandika maishani mwangu: hatuna nia ya kuchimba chochote. Nadhani ndiyo iliyofungua mlango. Siku ya tisa nikapigiwa simu: njooni Jumanne.

Kwa wageni wa Tanga, korona hapa si ugonjwa. Ni mashine ya kuchakata mkonge, na jina limetokana na aina ya mashine zilizotengenezwa na Krupp wa Ujerumani. Mwaka 2020 redio zilipoanza kutangaza korona, wazee wa mashambani walishangaa dunia nzima imekuwaje.

Tatizo lililobaki lilikuwa shangazi. Mara ya kwanza sikumwambia hata. Nilitaka nirudi na picha nimshangaze. Hilo nalihesabu kosa la nne, na kama ningetakiwa kufuta moja ningefuta hilo. Nilipomwomba twende wote alikataa. "Nikafuate nini? Mimi nimetoka huko." Akaeleza kwamba walipohamia mjini, watoto wa Ngamiani waliwaita watoto wa manamba. Neno lenyewe limetokana na namba. Wafanyakazi walioletwa kutoka mbali, Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wangoni, Wanyaturu, Wamakonde waliovuka Ruvuma, waliandikwa na kupewa namba, na namba ndiyo iliyoitwa. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuwaajiri, SILABU, na babu aliletwa nayo. Alipanda treni Kigoma, akashuka Morogoro, akaendelea kwa lori, kwa kuwa reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi kilikuja mwaka 1963. Hayo ya lori alinisimulia shangazi mwenyewe siku hiyo hiyo ya kukataa. Kumbe alikuwa anajua mengi. Hakuwa ameulizwa vizuri tu.

Sikumshinda kwa maneno ya historia wala urithi. Nilimtajia tu kwamba wametupa Jumanne ili tukute mashine inafanya kazi. Akanyamaza kidogo. "Korona bado inalia?" Nikamwambia inalia. "Basi twende niisikie."

Safari ya pili tulikodi gari ya jirani, tukaweka mafuta. Nilivaa suruali ndani ya gauni na viatu vya kufunika. Tulibeba sukari kilo tano na sabuni za mche, ushauri wa yule karani pia: ukimpa mzee wa kambini noti mkononi, maongezi yanageuka biashara na utasimuliwa unachotaka kusikia, ukimpelekea sukari umekwenda kumtembelea mtu. Karani wa shamba alitukuta njia panda na pikipiki akatutangulia, tukapita getini bila kusimama. Mlinzi alikuwa yule yule. Alinitambua, akaangalia nyuma ya gari kama kuna jembe.

Walitupeleka kwanza kwenye jumba la meneja, mlimani, maana wageni wote hupelekwa huko. Ni nyumba nzuri, sitasema uongo. Baraza pana pande tatu, dari ya juu, sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa, na ukisimama barazani unaona mistari ya mkonge ikishuka bondeni iliyonyooka kama nywele zilizosukwa. Shangazi hakushuka kwenye gari. "Humo sikuwahi kuingia, nianze leo?" Nilipiga picha tano, nikaona aibu, nikashuka.

Korona tuliisikia kabla ya kuiona, na harufu ilitangulia sauti. Ni harufu chachu, ya majani yaliyooza yakachanganyika na moshi, na nilipoziba pua shangazi alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeingia jikoni kwa mama yake. Majani yanaletwa yakiwa yamefungwa vitita vya thelathini thelathini. Vijana wanayatandaza juu ya mkanda, yanakwenda kwa ubavu, yanabanwa katikati, na ngoma kubwa yenye vyuma butu inayapiga na kuyasaga huku maji yakimwagika. Nusu moja kwanza, kisha yanashikwa upande uliochakatwa na nusu ya pili inapigwa. Yanapotokea ng'ambo si majani tena. Ni singa, yaani nyuzi za mkonge, zimelowa, rangi ya kijani iliyopauka, zinaning'inia kama mvi za mtu aliyetoka kuoga. Kinachobaki, yaani karibu jani zima, kinakwenda na maji mferejini. Katika kilo mia za majani unapata singa kama kilo nne. Ndiyo maana reli ndogo za troli zilitapakaa shambani: unasomba mlima wa majani ili upate furushi. Singa zinaanikwa kwenye nyaya juani, zinapigwa brashi, zinashindiliwa robota.

Pale nje, chini ya mwembe, kuna korona ya zamani imepakwa rangi, na benchi mbele yake. Kwenye benchi alikuwa amekaa fundi mstaafu wa mashine, mzee anayeishi bado kambini. Tukamwamkia, tukampa sukari yake, na nikafanya kosa la tano. Nilifungua daftari nikasema, "Mzee, tunaomba utusimulie historia ya shamba hili." Akakaa wima, akakohoa, akaanza kunisomea kama risala: wakoloni walitutawala, tukapata uhuru, tunamshukuru Mungu. Shangazi akaniangalia kwa huruma. Akamwuliza, "Siku hizi kengele wanagonga saa ngapi?"

Akaanza kusema kweli. Kengele alfajiri, giza bado. Kazi inapimwa, si saa. Ukimaliza vitita vyako unarudi, usipomaliza huna siku. Vitita visivyofungwa vizuri nyapara anavitoa kwenye hesabu, na wewe huoni vilikokwenda. Walizungumza zaidi ya saa nzima na mimi nikaweka daftari chini. Nilimwomba ruhusa ya kurekodi kwa simu baadaye, alipokuwa amekwisha kuzoea, akakubali. Ushauri wangu kwa atakayekwenda: uliza kazi, uliza chakula, uliza nani alilala wapi. Neno historia liache getini.

Yeye ndiye aliyenirekebisha kuhusu jumba. Mimi nilikuwa nikisema nyumba ya Mjerumani. Akacheka: hapa kila kikongwe ni cha Mjerumani. Baada ya vita ya kwanza Waingereza walitaifisha mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui wakayauza, na hili liliangukia kwa Mgiriki, ndiye aliyejenga jumba hilo. Mengine walinunua Wahindi, Waswisi, Waingereza wenyewe. Vita ya pili ilipokuja, Wajapani wakaiteka Ufilipino na katani ya Manila, nyuzi za kamba zilizotoka huko, ikakosekana, mkonge wa Tanganyika ukawa kamba za meli za Waingereza na washirika wao. Watu walikamatwa vijijini wakaletwa mashambani kwa amri ya serikali. Baba yake alikuwa mmoja wao. "Sisi hatukuja," alisema, "tuliletwa." Shangazi akamjibu kwamba babu yeye aliandikishwa, alitia dole gumba. Mzee akasema dole gumba nalo lina namna nyingi za kutiwa.

Kuhusu kufa kwa mkonge hakuwa na maneno mengi. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000, hakuna aliyetufikia duniani. Kisha kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 tani zilikuwa kama 20,000. Kosa la nani? Alinyoosha kidole kwenye mfuko wa nailoni tuliobebea sabuni.

Kambini tulikwenda kwa miguu. Mistari ya nyumba ipo, mingine imeezuliwa. Shangazi alihesabu milango kwa kidole kuanzia kwenye tangi la maji, akasimama mbele ya chumba ambacho sasa kinafugiwa mbuzi. Hakulia, kama nilivyokuwa nimejiandaa. Alilalamika kwamba dirisha lilikuwa upande mwingine, na wenyewe wakakiri ni kweli, waliliziba.

Kutoka hapo tukapita kandokando ya mkonge. Kijana mkataji alikuwa kazini, nikataka picha yake. Nikauliza kwanza, akakubali. Nikainama kupata pembe nzuri, nikaingiza kichwa kati ya mistari.

"Macho!"

Sijawahi kusikia shangazi akipiga kelele namna ile. Nilisimama palepale. Mbele ya uso wangu, kama upana wa kiganja, ilikuwa ncha ya jani, nyeusi, ngumu, imenyooka inanitazama. Kwa aliye wima ipo kifuani. Kwa anayeinama kukata majani ya chini, ipo hasa penye jicho. Kijana akanionyesha: mkono wa kwanza wa kisu si wa kukata jani, ni wa kuondoa mwiba. Ukisahau mmoja kwa siku, inatosha.

Shangazi akakaa juu ya kichuguu akaomba ile kadi. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Aliigeuza jua likaipiga, akaweka kidole kwenye chumba cha kumi na tisa. "Mwezi huu ndio." Babu alirudi siku ya kumi na tisa kitambaa kimefungwa usoni. Hospitali walimlaza, siku za hospitali hazina alama. Na kwa kuwa thelathini hazikutimia, kadi ilibaki kadi. Aliiweka miaka yote akisema ipo siku atawadai.

Sisi kwetu tuliambiwa jicho lilikuwa ugonjwa wa utotoni. Sijui ni nani aliyeanza kusema hivyo na nadhani alisema kwa heshima.

Tulisimama kidogo tu penye stoo ya zamani ya posho, ambayo sasa ina mifuko ya mbolea. Shangazi alisema watoto ndio waliotumwa kuchukua unga, na dirishani husemi jina la baba, husema namba. Jina nani alikuwa analijua? Namba yenyewe sikumwuliza. Nilidhani amekwisha kuisahau, miaka sitini na zaidi imepita. Karani alituonyesha kabati la vitabu vya zamani, vya miaka ya 1970 kuendelea. Vya nyuma ya hapo mchwa walitangulia. Ukienda na matumaini ya kukuta jina la mtu wako kwenye daftari, nenda nayo madogo.

Gharama za siku ile: mafuta, sukari, sabuni, na soda za watoto wa kambini, jumla haikufika elfu sitini kwa watu wawili. Pungufu ya Jumapili yangu ya kalvati.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali tulipofika getini. Safari hii mlinzi alitusimamisha. Asubuhi tulipita bila kuandikishwa, na utaratibu ni utaratibu: jina, utokako, shughuli, namba ya simu, saini. Mimi nikajaza yangu. Akazunguka upande wa pili wa gari, akainama dirishani kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Jina nimeshaandikiwa. Namba?"

Shangazi alikuwa amefumba macho, amechoka. Hakuyafumbua.

"Mbili, tatu, moja, saba."

Mlinzi akaandika, kalamu ikabaki hewani.

"Endelea, bibi. Hazijatimia."